Bahasha Kumi na Mbili za Usiku

Jumatatu, 3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi, yule mwenye kofia, na nimemwambia safari hii akiisahau tena kwenye buti siku mbili nitamwandika. Alicheka tu. Hajui kwamba nina mahali pa kumwandika.

Sista, muuguzi wenu, amenipigia kunieleza kuwa mashine ya pili nayo imekufa, imebaki moja, na wewe badala ya kusafishwa damu mara tatu kwa wiki sasa ni mara mbili. Nilikaa kitandani na simu mkononi kama mtu aliyesahau alitaka kumpigia nani. Ningekuwa na uwezo ningekuja kukuhamisha siku ile ile, lakini unaijua hali yangu, na hospitali nyingine yenye mashine hizo ni ya wenye nazo.

Basi nimejiandikisha mahali. Kuna kikundi cha wanablogu ambacho kila mwaka hufanya mbio za kuandika. Hakuna anayekimbia. Unakaa kwenye kiti saa ishirini na nne, na kila nusu saa lazima uchapishe habari mpya kwenye blogu yako. Habari arobaini na nane bila kulala. Watu wanaahidi mchango kwa jambo ulilolichagua. Ukimaliza wanatoa, usipomaliza hawatoi. Mimi nimechagua chumba chenu, namba saba. Fundi amesema hahitaji mashine mpya, anahitaji pampu moja na kadi moja ya umeme, na ile ya pili itaamka.

Tunaanza Jumamosi tarehe 29 saa mbili asubuhi, tunamaliza Jumapili saa mbili asubuhi. Kwa hiyo mwezi huu sitakuja kama nilivyoahidi, kwa sababu kila siku ya mapumziko najizoeza. Ila Jumapili hiyo nikinyanyuka kwenye kiti napanda basi la saa tatu, na jioni nipo kwako. Nilale mabegani mwa abiria mwenzangu kama itabidi.

Utauliza blogu ni nini. Ni gazeti la mtu mmoja: mwandishi yeye, mhariri yeye, muuzaji yeye, na wasomaji wake unaweza kuwapakia kwenye lori moja. Mimi naandika kuhusu watu wanaokuja dukani kwetu kuchapiwa barua. Anayeomba kazi, anayeomba radhi, anayeomba talaka. Majina yao siyaweki.

Mwanao,
Nukta


Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu Nukta,

Marahaba. Barua yako nakurudishia ikiwa imesahihishwa. Makosa saba, si mabaya kwa mtu mwenye haraka. Mstari wa tisa ulikata neno ambalo halikuwa na hatia, nimeliwekea nukta chini. Natumaini hujasahau alama hiyo. Neno likikatwa kimakosa, msahihishaji haliandiki upya; analipangia nukta chini yake, na mpanga chapa anaelewa kuwa mkato ule haupo tena, neno libaki kama lilivyokuwa. Katika alama zote ndiyo niliyoipenda. Ulipozaliwa kabla ya wakati, daktari alishakukata, akatuambia tusihangaike kununua nguo. Mama yako akalia mpaka sauti ikaisha. Mimi sikuwa na la kufanya ila kukupa jina la utani, na likakukaa.

Usimpigie Sista ili anipe simu, unamchosha bure. Masikio yangu yalibaki kwenye chumba cha mitambo ya uchapaji, nilistaafu bila hayo. Niandikie. Sista ananionyesha blogu yako kwenye simu yake akipata nafasi. Nimesoma ile ya bwana aliyeomba radhi kwa mkewe akataka nakala tatu. Nimecheka hadi dereva wa lori wa kitanda cha pili akauliza nimepewa dawa gani na yeye apewe.

Chumba chetu kipo vile vile. Mashine mbili zilizokufa wamezifunika shuka kila moja, na mgeni akiingia huwa anapunguza sauti, anadhani ni watu. Hiyo moja iliyobaki tunagawana watano: mimi, dereva, mwalimu wa kike wa darasa la kwanza, na wawili wa zamu ya jioni ambao siwajui ila kwa viatu vyao chini ya kitanda.

Sasa sikiliza. Habari arobaini na nane ni nyingi kwa kichwa kimoja. Mchana utajitegemea, lakini usiku najua ulivyo, ikifika saa nne unalala hata umesimama. Usiku niachie mimi. Kuanzia saa sita hadi alfajiri ni habari kumi na mbili, nimehesabu. Miaka thelathini na moja nimefanya kazi usiku. Ninayo ya kusema. Nitakuandikia kila moja kwenye bahasha yake, juu nimeandika saa ya kufungua. Wewe utakuwa unachapa tu, kama unavyowachapia wateja wako. Usifungue kabla. Ya saa sita na ya saa sita na nusu hizi hapa.

Baba yako,
msahihishaji mstaafu


Jumatatu, 10 Machi

Baba,

Shikamoo. Bahasha nimezipata, nimeziegemeza ukutani juu ya meza, nazitazama nikinywa chai. Sijafungua, usiwe na wasiwasi. Umenipunguzia mzigo mkubwa kuliko unavyofikiri, na usiku huo nitakuwa na kampani.

Jana nilijizoeza kuanzia asubuhi hadi jioni, habari kumi na nane. Ya kumi na tano niliandika kuhusu birika langu. Ya kumi na sita niliandika kuhusu watu wanaoandika kuhusu mabirika. Umeona tatizo.

Usijichoshe lakini. Ukichoka, acha. Hata hizi mbili zinatosha.

Nukta


Jumatatu, 10 Machi

Dada Sista,

Habari za kazi. Barua hii usimwonyeshe baba.

Nina jambo la kukuungamia. Kanuni ya nne ya mbio hizi inasema kila habari iandikwe na mshiriki mwenyewe, ndani ya nusu saa yake. Kilichoandikwa kabla, au kilichoandikwa na mtu mwingine, kinamtoa mshiriki na ahadi zake zote zinafutwa. Niliisoma siku ya kwanza. Bahasha za baba zilipofika nilizishika mkononi nikajua kuwa hata moja siwezi kuitumia.

Nimeshindwa kumwambia. Nimemwandikia kwamba amenipunguzia mzigo. Nimemdanganya baba yangu kwa maandishi, na anavyosoma, naogopa ataona. Lakini amepata kitu cha kufanya, na dada, tangu mama aondoke sijamsikia akinipangia kazi hivi. Acha aandike. Nitakapofika Jumapili ile nitamweleza mwenyewe nikiwa nimeshika pesa za pampu, na atanisamehe.

Lingine ni kwamba dukani nimemwaga unga. Mwenye duka ameleta mpwa wake ashike kazi yangu. Hilo pia baba asijue. Najizoeza siku nzima sasa, si siku za mapumziko tu.

Niambie ukweli, anaendeleaje?

Nukta


Alhamisi, 13 Machi

Dada Nukta,

Salamu nyingi. Hiyo kanuni ya nne niliiona na mimi, kwenye simu, nikanyamaza, kwa hiyo tupo pamoja.

Mzee anaandika. Tumempatia ubao wa kuwekea chati, anauweka magotini. Akiishiwa karatasi anaomba fomu zetu za zamani, anageuza upande wa nyuma. Juzi alimsahihisha daktari tangazo la ukutani, na daktari akaenda kulichapa upya. Wenzake wanamwita Mhariri, naye anakataa, anasema mhariri ni yule aliyekuwa anatoka mapema.

Kuhusu afya, mambo yake mengine atakuambia mwenyewe. Ameniomba nisimsemee.

Sista wa chumba namba saba


Jumamosi, 15 Machi

Mwanangu Nukta,

Bahasha saba nyingine hizi hapa, jumla tisa. Ukiona mwandiko umelala upande mmoja, ni ubao, si mkono. Mashine na mimi tunaelewana kama kawaida, usitie shaka.

Naona aibu kukuambia, lakini nafurahi. Asubuhi naamka nina habari ya saa nane usiku ya kumalizia. Sijawahi kuamka hivyo. Kule gazetini nilisoma maneno ya watu miaka thelathini na moja, nikayafuta vumbi, nikayapanga, na asubuhi jina lililotoka lilikuwa la mwingine. Sikulalamika, ndiyo kazi yenyewe. Unajua mara ngapi niliandikwa gazetini? Mara moja. Tulimzika kwenye ukurasa wa vifo mfanyabiashara mmoja ambaye alikuwa hai. Kesho yake kwenye kiboksi kidogo ukurasa wa pili wakaandika: "Tunaomba radhi. Kosa hilo lilifanywa na msahihishaji." Mwandishi ndiye aliyemwua, mhariri akampitisha, lakini mimi ndiye niliyeandikwa. Mama yako alikikata kile kiboksi akakiweka kwenye Biblia yake, kwa utani, na nilipomzika nilikikuta bado kipo.

Kwa hiyo nina sharti moja kwenye hizi bahasha. Ukimchapa mtu, weka ni nani aliyeandika na aliandika lini. Umetunza majina ya wateja wako, sawa, wana siri zao. Ila kazi ya mtu isitembee uchi. Hilo nilikufundisha ukiwa huna meno.

Dereva wa lori anakusalimu. Anasema ukikosa la kuandika, uandike juu yake, ana vituko vya kujaza mwaka.

Baba yako


Alhamisi, 20 Machi

Baba,

Shikamoo. Zimebaki siku tisa na mambo si mazuri, nakuambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Nimegonga milango hadi vidole vimeota sugu. Fundi viatu wa chini ameahidi. Mama mwenye nyumba ameahidi, na kwa alivyo mkono wa birika nilitamani kumwomba aandike. Wateja wanne wa zamani. Ukijumlisha wote, pampu hata bomba lake halipatikani. Nilikuwa nimeshakata tamaa, ndipo juzi kampuni moja inayouza dawa ikanijibu. Wao peke yao wataweka karibu yote, pampu na kadi, ila wametaka habari zote arobaini na nane na cheti cha waandaaji kuwa nimefuata kanuni kikamilifu. Ikikosekana moja, wao hawamo. Kwa hiyo yote yapo kwenye usiku mmoja.

Jumapili nilijaribu saa ishirini na nne kamili. Umeme ulikatika habari ya ishirini na mbili. Nilikimbilia kwa fundi viatu, ana betri, nikakaa kwenye kigoda chake katikati ya soli. Ya thelathini na tisa nilianza kuandika sentensi, nilipozinduka nilikuta herufi moja imejaa ukurasa mzima, nimelalia kidole. Nimeshindwa, baba. Ingekuwa ndiyo siku yenyewe, kila kitu kingekwisha pale.

Nakuona kwenye barua umechoka. Sista amekuwa mdomo mzito, haelezi kitu. Niambie ukweli wako. Niache haya nije sasa? Nikija nakosa mazoezi na huenda nikakosa mbio zenyewe, lakini nitakuja, wewe sema tu. Ukikaa kimya nitafuata mpango: nitakuja Jumapili.

Nukta


Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu,

Bahasha tatu za mwisho hizi, zimetimia kumi na mbili. Ya mwisho ni ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ni fupi, utanisamehe.

Barua yako ya mwisho sikuirudisha. Haikuwa na kosa.

Fanya mazoezi. Ukilala, osha uso kwa maji baridi, usikae kitandani hata kidogo, kaa kwenye kiti kibaya. Hapa mwalimu wa darasa la kwanza amepunguziwa siku, anasafishwa mara moja kwa wiki, na miguu imemvimba hadi hawezi kuvaa kandambili. Ana mtoto anayekuja kumwonyesha madaftari. Nikimtazama naiona hiyo pampu yako. Usiiachie njiani kwa ajili ya kuja kunitazama mimi, sina jipya la kutazamwa.

Njoo Jumapili.

Baba


Jumapili, 30 Machi, saa moja asubuhi

Dada Nukta,

Nimeiacha barua hii mapokezi kwa sababu sina nguvu ya kukusubiri mlangoni. Nisamehe kwa hilo na kwa yatakayofuata. Ikaribie benchi, ukae kwanza.

Mzee ametutoka. Ametutoka jana Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni.

Daktari alimwachisha mashine tarehe 11. Moyo wake ulikuwa hauwezi tena. Kila akiunganishwa presha ilishuka hadi tukawa tunamwita kwa jina. Hata mashine zote tatu zingefufuka zisingemsaidia. Aliambiwa siku hiyo hiyo, akauliza ana muda gani, akaambiwa wiki mbili hivi. Akaomba karatasi. Baadaye akaniapisha nisikuambie, akasema ukijua utakuja kukaa hapa unamtazama, na yeye atalazimika kufa badala ya kuandika.

Jana alikusoma tangu asubuhi. Ya kwanza hadi ya kumi na moja alisoma mwenyewe, nimemshikia simu. Zilizofuata nilimwandikia kwa herufi kubwa kwenye ubao, maneno machache machache, macho yalikuwa yamechoka. Ya kumi na nne, ya dereva wa lori na mbuzi, alicheka, kisha akaomba maji. Ya kumi na saba sikuwahi kuiandika.

Sasa nikwambie langu. Kabla hajalala mara ya mwisho alinishika mkono akasema, "Asiambiwe mpaka amalize." Nikakubali. Kwa hiyo ulipouliza chini ya habari ya kumi na nane, "Mzee wa chumba namba saba, upo?", mimi ndiye niliyejibu kwenye maoni, "Yupo, anasoma." Uliuliza tena ya ishirini na tano, nikajibu, "Anasoma." Ulipoandika ile ya saa saba usiku, uliyomwandikia yeye moja kwa moja kuhusu mama yako na kile kiboksi cha gazeti, ukauliza kama ameipenda, nilijibu, "Ameipenda sana." Wakati huo alikuwa ameshapelekwa kule chini, chumba cha maiti, na kitanda nimeshatandika. Zamu yangu iliisha saa moja usiku. Nilikaa kwenye kiti chake hadi asubuhi nikikujibu.

Vitu vyake vipo kwangu. Usinichukie leo, unichukie kesho.

Sista


Jumatano, 9 Aprili

Sista,

Sikuandikii kwa salamu.

Tumemzika. Watu walikuwa wachache, na mmoja wao alitoka gazetini, kijana asiyemjua, ametumwa na maua.

Nilitaka usome hili kwa mwandiko wangu. Ile saa tisa usiku nilikuwa nimeandika habari thelathini na nane. Sikuwa na kitu kichwani. Nilikuwa nimeosha uso hadi kola imelowa, nimekaa kwenye kiti kibaya kama alivyoniagiza, na herufi zilikuwa zinatambaa. Dakika tano zilibaki. Nikafungua bahasha yake ya saa tisa. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Aliandika hivi:

"Saa tisa usiku ndiyo saa ya kusoma matangazo ya vifo. Kurasa nyingine nilizisoma mara mbili, hii nilisoma mara tatu, kwa sababu waziri akikosewa jina atapiga simu, marehemu hapigi. Nilikuwa nasoma kwa sauti, peke yangu, mitambo ikiwa imezimwa kupoa. Wengine hakuna aliyewahi kuyasoma majina yao kwa sauti maishani. Basi mimi nikayasoma."

Nilikusudia kuichapa kama yangu. Nani angejua? Lakini Sista, nilifika mwisho vidole vikagoma. Nikaandika chini yake: "Imeandikwa na baba yangu, msahihishaji, tarehe 15 Machi." Jina lake kamili pia, niliandika. Dakika moja kabla ya muda nikaituma, na nikaendelea na zangu hadi ya arobaini na nane. Nilimaliza. Saa mbili na robo waandaaji wakaniandikia, kwa adabu sana, kwamba kwa kanuni ya nne wamenitoa. Kampuni ya dawa ikafuata saa nne, nikiwa kwenye basi. Fundi viatu peke yake ndiye aliyelipa, na mama mwenye nyumba, huyo nimeshangaa.

Pampu haipo. Yule mwalimu wenu ningeweza kumwokoa kwa kufuta mstari mmoja, na sikufuta, kwa sababu nilidhani baba anasoma. Uliniambia anasoma. Nilitaka aone jina lake. Nilikaa pale nikisubiri aseme kitu, na wewe ukaniandikia, "Ameliona."

Ungeniambia tarehe 11 ningefika tarehe 12. Ningekaa naye siku kumi na saba. Hizo mliniondolea wewe na yeye, mkakubaliana, na mimi huku nikaandika kuhusu birika.

Bahasha kumi na moja zilizobaki sijafungua. Sijui niifungue ipi saa ngapi.

Nukta


Jumatatu, 14 Aprili

Dada Nukta,

Nimeisoma barua yako nikiwa zamu, nikaenda kuisoma tena stoo. Sina utetezi. Niliapa kwa mgonjwa, nikadhani kutunza kiapo ni wema, na nilipoona si wema nilikuwa nimeshajibu mara tatu na sikujua jinsi ya kuacha.

Chumba namba saba kimefungwa tangu Ijumaa. Mashine ya mwisho ilianza kuvuja, fundi akaifunika shuka nayo. Dereva wa lori amepelekwa kwa ndugu zake. Mwalimu hakuwahi kupelekwa popote. Alifariki Jumatano, siku uliyoniandikia. Nimefikiri sana kama nikwambie. Nimekwambia kwa sababu nimechoka kuficha. Mtoto wake alikuja na madaftari siku ya pili, hakuna aliyekuwa amempa habari.

Nimempa kondakta mwenye kofia mfuko wa vitu vya mzee. Kuna miwani, kalamu nyekundu mbili, moja imekauka, na kandambili. Kuna pia barua yako ya tarehe 20, ambayo hakuirudisha. Ilikuwa chini ya mto wake.

Nilivyomjua, nilitegemea kuikuta imejaa wino mwekundu. Imeguswa mahali pamoja tu, mwishoni, pale ulipoandika, "nitakuja Jumapili." Neno Jumapili amelikata. Juu yake ameandika "leo". Kisha hilo "leo" nalo amelikata, mistari miwili, na chini ya Jumapili ameweka nukta ndogo ndogo, nimezihesabu, nane, zimepangwa vizuri kuliko maandishi yake yote ya siku zile.

Mimi alama zenu sizijui. Nimeona nisiifute wala nisiikunje, nimeiweka katikati ya gazeti ili ifike imenyooka.

Sista